Studio ya Emiliana Imejaa Uwele

Saa moja na robo asubuhi, upepo wa Ilongero umeshaanza kazi. Unazungusha makapi uani kwa mama Klara, unapigapiga bati la jiko, unataka kuondoka na shuka jeupe ambalo Emiliana Clement amelifunga kwenye miti miwili kwa kamba za katani.

Emiliana amepiga magoti mavumbini. Mbele yake kuna kigoda, juu ya kigoda kuna bakuli la kioo, na nyuma ya bakuli limetundikwa gauni jeusi. Mkononi ana kamera ndogo, saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia, ambayo mlango wa betri umebanwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

"Dada Joyce, mimina," anasema. "Taratibu. Kama unamnywesha mtoto mgonjwa."

Joyce, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti kijijini hapo, anainamisha chupa kwa mara ya saba tangu kulipokucha.

"Mtoto huyu angekuwa ameshapona na kwenda shule," anajibu, lakini mkono wake hautikisiki.

Mafuta yanashuka. Ukiyatazama kwa macho ya kila siku ni mafuta tu ya kupikia. Lakini jua linapiga bati jipya lililoegemezwa kwenye ndoo, bati linalirushia shuka, shuka linalilainisha na kulimwaga juu ya uzi ule wa mafuta, na gauni jeusi kule nyuma linameza kila kitu kingine. Kwenye kioo cha kamera, ambacho hakizidi upana wa vidole vitatu, huoni uani wala kuku wala kigoda. Unaona uzi wa dhahabu ukishuka kutoka gizani.

Joyce anaitwa aje kuona. Anajifuta mikono kwenye kanga, anainama.

"Haya ndiyo mafuta yetu?"

"Ndiyo haya, dada."

"Ninayobeba kichwani kwenye dumu?"

"Hayo hayo."

Joyce anakaa chini. Miaka mitano amekamua mafuta haya, amenuka mafuta haya mpaka kanisani watu wakamjua kwa harufu, na leo ndiyo kwanza ameyaona.

Gauni jeusi ni la mama Klara, mama mzazi wa Emiliana. Alilivaa mwaka mzima alipofiwa na mumewe, mzee Clement, miaka tisa iliyopita, kisha akalikunja na kuliweka sandukuni. Bintiye alipoomba kitambaa cheusi kisichong'aa, mama hakuuliza maswali. Alilitoa, akalikung'uta, akalitundika kwa mikono yake.

"Lilinisitiri siku zile nilizotaka kusitirika," anasema mama huyo wa miaka sitini na saba, huku akiendelea kupepeta uwele kwenye ungo. "Sasa lifanye kazi nyingine."

Emiliana, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, anaishi kwa kutengeneza matangazo mafupi ya biashara. Ni yale ya nusu dakika, au dakika moja yakizidi sana, ambayo wenye maduka hutumiana kwenye simu, huyaweka kwenye makundi ya WhatsApp, na wachache huyaonyesha kwenye televisheni zilizotundikwa ukutani dukani. Amemtengenezea fundi cherehani wa Singida mjini, muuza kuku wa kienyeji wa kando ya barabara kuu, mwenye mashine ya kusaga, na kinyozi mmoja aliyetaka aonekane akinyoa huku mvua inanyesha. Mvua hiyo Emiliana aliitengeneza kwa kopo la maziwa lililotobolewa matundu.

Hakusomea kazi hii. Alimaliza darasa la saba, akauza vitunguu, kisha akawa mpiga picha za pasipoti stendi. Siku moja mwenye genge la chipsi alimwomba ampigie picha za sahani zake azirushe kwa wateja. Emiliana akaona kamera yake ina kitufe cha kurekodi video, kitufe ambacho hajawahi kukigusa miaka minne. Akakibonyeza mafuta yakiwa yanachemka.

"Nilipokuja kuangalia ile picha jioni, niliirudia mara kumi," anasimulia. "Viazi vilikuwa vinacheza. Nikasema, kumbe vitu hivi vyote vilikuwa hivi, mimi nilikuwa natazama nini?"

Kamera yenyewe ni ya mtumba. Aliinunua kwa fundi simu kwa shilingi laki moja na themanini, ikiwa na mkwaruzo pembeni mwa lenzi. Mkwaruzo huo hajauondoa. Amejifunza kuugeuzia upande ambao jua halifiki. Stendi ya kamera ni rimu ya baiskeli iliyochomelewa bomba. Akitaka picha isogee bila kutikisika, anakaa ndani ya toroli la kubebea mchanga na kumwomba mtu amsukume, na matairi analegeza upepo kidogo ili yasiruke kwenye kokoto.

Makosa amefanya, naye hayafichi. Machi mwaka huu, alizeti zilipochanua, alikwenda shambani kwa Joyce saa kumi na moja jioni kwa sababu alipenda ule mwanga mwekundu wa jua likizama. Akafika, akapanga rimu yake, akainua kichwa. Shamba zima limempa kisogo. Ua la alizeti likishakomaa hubaki limetazama mashariki, na kila mtoto wa Ilongero anajua.

"Na mimi nimezaliwa humu," anasema huku akicheka. "Dada Joyce akaniambia, 'Zimekususa, Emi. Rudi kesho asubuhi uziamkie vizuri.'"

Alirudi kesho yake kabla ya jua. Lilipochomoza, maelfu ya maua yalikuwa yamelikabili kwa pamoja, na yeye amesimama kati ya hayo maua na hilo jua na kikamera chake. Anasema dakika za mwanzo alisahau kubonyeza. Alisimama tu, kama mtu aliyechelewa misa akakuta watu wote wameshapiga magoti.

Basi picha Emiliana anaziweza. Shida yake ni upepo.

Anayeijua Singida anaujua upepo wake. Kuanzia Mei hadi Oktoba hauna asubuhi wala mchana, na kinasa sauti cha kubana shatini, alichonunua elfu kumi na tano, hakijui kutofautisha sauti ya mtu na sauti ya upepo. Miaka miwili ya mwanzo matangazo yake yote yalikuwa na muziki tu, kwa sababu kila aliyeongea alisikika kama anaongea kutoka ndani ya tufani.

Dawa aliipata kwa bahati. Mama alimtuma achote uwele wa mwisho ndani ya kihenge, ghala la fito lililosukwa na kukandikwa udongo, lenye tumbo pana na mdomo mwembamba juu. Kihenge hicho alikisuka mzee Clement mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, na kimesimama chumba cha ndani. Uwele ulikuwa umebaki kidogo chini kabisa, kwa hiyo Emiliana alipanda kigoda, akaingia mzimamzima.

"Nikamwita mama anipe kibakuli. Nikasikia sauti yangu. Nikaita tena, si kwa sababu ya kibakuli. Humo ndani mlikuwa na mimi peke yangu. Upepo haukuwepo duniani."

Mama Klara analikumbuka jambo hilo kwa namna yake. "Nilisikia mtoto mzima anaongea peke yake ndani ya kihenge. Anasema, 'Karibu wateja, karibu wateja.' Nikachukua rozari."

Tangu siku hiyo kihenge kikawa studio. Muuza kuku aliingia humo. Fundi cherehani, ambaye ni mnene, aliingia akatolewa na watu wawili. Utaratibu ukawa mmoja tu, nao aliuweka mama: studio iko wazi uwele ukiwa umekwisha. Ukivunwa, studio inafungwa. Ndiyo maana mwaka wa njaa Emiliana hupata sauti nzuri, na mwaka wa neema huwa bubu.

Mwaka huu ulikuwa wa neema.

Asubuhi ile ya gauni jeusi ilikuwa Alhamisi ya katikati ya Juni. Kikundi cha Joyce, chenye wanawake kumi na mmoja, kilikuwa na madumu arobaini ya mafuta yaliyokosa mnunuzi. Mwaka uliopita walishindwa kuyauza kwa wakati, wakaishia kuwapa wenye malori mbegu ghafi kwa bei ya kutupa, na mashine ya kukamua ikakaa miezi sita imefunikwa turubai. Safari hii mfanyabiashara mmoja wa Dodoma, mwenye maduka manne, alikuwa amekubali kuonyesha tangazo lao kwenye televisheni za maduka yake. Sharti lake: limfikie Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Likichelewa, nafasi anampa mtu wa sabuni.

Kwa Emiliana lilikuwa tangazo la kwanza kuvuka mpaka wa mkoa. Picha zilikuwa tayari. Ilibaki sauti.

Sauti ilikuwa ya Antipasi, mshereheshaji wa harusi anayejulikana kuanzia Ilongero hadi mjini, mtu ambaye akisema "tunyanyuke" hata wenye moyo mzito wananyanyuka. Alifika Ijumaa saa tisa alasiri, amevaa suti, kwa kuwa saa moja usiku alitakiwa ukumbini mjini.

"Studio iko wapi, dada Emi?"

"Ndani. Vua koti kwanza."

Antipasi akapanda kigoda, akashika mdomo wa kihenge ili ajirushe ndani. Mikono ikazama. Alipoitoa, ilikuwa imepakaa udongo na samadi mbichi mpaka kwenye viwiko.

Kila mwaka, kabla ya nafaka mpya kuingia, kihenge hukandikwa upya ndani na nje ili wadudu wasipate ufa wa kujificha. Mama Klara alikuwa amekikandika Alhamisi hiyo hiyo mchana, Emiliana alipokwenda mjini kuchaji betri. Magunia kumi na sita ya uwele yalikuwa yanangoja, na kihenge kilihitaji siku tatu kukauka.

"Mama, hukuniambia."

"Nikuambie nini? Umeniona napepeta wiki nzima. Ulidhani natafuta vumbi?"

"Nilihitaji leo tu."

"Na mimi nilihitaji jana tu."

Mtoto wa mkulima alisahau mavuno, kama alivyosahau alizeti.

Wakajaribu kwingine. Walimfunika Antipasi blanketi mbili. Akapiga chafya mara sita na sauti ikawa ya mtu aliyezikwa. Wakaenda ghala la kikundi. Bati likapiga makofi kila neno. Joyce akapendekeza kanisani, wakaomba ruhusa kwa katekista, na huko kila neno lilirudi mara tatu kutoka ukutani, hata Antipasi mwenyewe akashindwa kujua amesema lipi na lipi limejisema.

Saa kumi na moja kasorobo walirudi uani kwa mama Klara. Joyce hakulalamika. Alikaa kwenye kizingiti, akasema kwa sauti ya chini, "Labda tuweke muziki tu."

Emiliana aliingia chumba cha ndani ili wasimwone machozi. Alikaa sakafuni katikati ya magunia. Na hapo, anasema, ndipo alipoacha kusikia upepo.

Alipiga kofi. Kofi likafia mkononi. Akapiga jingine. Nafaka ililimeza kama ardhi kavu inavyomeza tone la kwanza. Ile mali iliyokuwa inaifunga studio yake ilikuwa imekaa kimya pembeni mwake, gunia juu ya gunia, ikimngoja aisikilize.

"Niliogopa kuongea," anasema. "Nilihisi nikiongea itaondoka."

Waliyapanga magunia kuwa duara, urefu wa mtu aliyekaa, Antipasi akibeba na suti yake. Wakaacha kijinafasi cha kupenya. Emiliana akabana kinasa sauti kwenye mshono wa gunia, akaunganisha na simu. Antipasi akaingia, akakohoa, akaanza.

Sauti ilikuwa safi kama maji ya kisima. Tatizo lilikuwa Antipasi. Mtu aliyezoea ukumbi wa watu mia tatu haongei, anatangaza. Ndani ya duara lile alisikika kama anafukuza ng'ombe shambani. Walirudia mara tisa. Ya tisa ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

"Punguza, kaka."

"Nimepunguza, dada. Hii ndiyo ndogo."

Saa kumi na mbili kasorobo bodaboda yake ikapiga honi. Aliondoka akiomba radhi, huku akikwangua samadi kwenye kiwiko kwa kijiti.

Joyce na Emiliana walibaki uani wametazama chini. Hakuna aliyekumbuka kuzima simu kule ndani.

Mama Klara ana desturi yake. Kabla ya nafaka kuingia kihengeni, jioni huingia chumba cha ndani peke yake, huweka mkono juu ya magunia na kushukuru. Amefanya hivyo tangu akiwa na mumewe, na hajaacha hata mwaka ambao magunia yalikuwa mawili. Jioni ile alikuta magunia yamepangwa duara. Akapenya katikati, akaketi, akasema yake.

Emiliana alipokwenda kuchukua simu, alikuta imenasa dakika nne zaidi. Akaweka visikilizio masikioni. Alichokisikia anasema hawezi kukieleza vizuri. Ilikuwa sauti ya mama yake aliyeisikia maisha yote ikiita kuku na kukemea watoto, lakini hakuwahi kuisikia hivi, bila upepo, bila kitu chochote kati yake na anayeambiwa. Alimshukuru Mungu kwa mvua. Aliomba panya wasione njia. Mwisho akasema, taratibu, "Atakayekuja na bakuli tupu asirudi nalo tupu."

Emiliana alimpa Joyce kisikilizio kimoja. Joyce alisikiliza mpaka mwisho, akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakaa nacho mapajani.

"Hii," akasema. "Emi, ni hii."

Walimwita mama, wakamsikilizisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia.

"Ndivyo ninavyosikika?"

"Ndivyo, mama."

"Basi Mungu ananivumilia."

Wakacheka. Kisha Emiliana akamwambia wanataka kuweka maneno yale kwenye tangazo, hata yale ya bakuli peke yake. Mama Klara akaacha kucheka.

"Hapana, mwanangu."

"Mama, ni maneno mazuri."

"Ndiyo. Lakini nilikuwa namwambia mwingine. Hayakuwa ya wateja."

Joyce alisogea karibu. Alikuwa na wenzake kumi wanaomtegemea. "Mama, yale madumu arobaini unayajua. Ni sentensi moja tu."

"Joyce mwanangu, ukiwakuta watu wawili wanaongea yao chumbani, utatoka na sentensi moja tu ukaitangaze gulioni?"

Emiliana alikuwa ameshika simu. Anasema katika kazi yake yote hajawahi kunasa kitu kizuri kama kile, na anajua hatanasa tena. Alimtazama mama. Mama hakumlazimisha wala hakugeuza uso. Alingoja tu.

Emiliana akafuta.

"Kidole kilikuwa kizito kama mchi," anasema. "Lakini mama aliniazima kihenge chake miaka yote, akaniazima na gauni lake. Sala ni yake. Akininyima, nimenyimwa."

Ndipo mama Klara aliposema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Mafuta nitayasemea. Mafuta nayajua."

Alipewa karatasi ya maneno ya tangazo aliyoiacha Antipasi. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole. "'Mafuta bora kuliko yote Tanzania.' Yote nimeyaonja mimi?"

"Ndivyo matangazo yanavyosema, mama," Joyce akamwambia.

"'Yanatibu moyo na kurudisha ujana.' Joyce, wewe umeyala miaka mitano. Ujana wako uko wapi?"

Joyce akacheka mpaka akashika ukuta. Karatasi ikawekwa pembeni. Mama Klara akapenya kwenye duara la magunia, akaketi palepale alipoketi mwanzo, mikono magotini. Emiliana akamwambia aseme kama anamwambia jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Alisema mara moja. Maneno yenyewe ni haya: "Mimi naitwa Klara, nakaa Ilongero. Mafuta haya nimeyapikia mboga jana, nimeyapikia na leo. Yananukia alizeti kwa sababu ni alizeti. Ukiona yametulia kidogo chini ya chupa, usiogope. Tikisa, upike."

"Mama, hilo la kutulia chini tuliache," Joyce akaomba. "Watu watasema ni machafu."

"Yanatulia au hayatulii?"

"Yanatulia."

"Basi wasikie kwetu kabla hawajayaona kwao."

Usiku huo Emiliana hakukata neno hata moja. Aliunganisha sauti na uzi wa dhahabu unaoshuka gizani, akaweka maua yanayolitazama jua mwanzoni, na muziki hakuweka. Jumamosi saa tatu asubuhi alipanda bodaboda hadi mjini kwenye mtandao mzuri, akatuma. Ilifika saa nne na dakika kumi.

Jibu likaja kwa sauti: "Dada, nimeiona. Mbona muziki hakuna?"

Emiliana anasema alikaa kwenye ngazi za duka moja la vifaa vya ujenzi, hana nguvu ya kumpigia Joyce. Saa nzima ilipita. Kisha ukaja ujumbe wa pili. Nyuma ya sauti ya yule mfanyabiashara hapakuwa na kelele za dukani.

"Nimeiwasha kuijaribu. Watu wameacha kununua, wanatazama. Mwambie huyo mama nimeiacha hivyo hivyo."

Wiki tatu baadaye madumu yote arobaini yalikuwa yameondoka, na wateja wa Dodoma, kwa mujibu wa mwenye maduka, huuliza mafuta ya bibi wa kutikisa. Kikundi kimenunua alizeti za majirani ili kiendelee kukamua. Joyce anasema turubai la mashine wamelifanya zulia la kuanikia mbegu. Mama Klara alipelekewa dumu moja la shukrani. Akalipokea, akalitikisa kwanza, akalipeleka jikoni.

Emiliana naye ameongeza bei. Tangazo alilofanya kwa elfu hamsini sasa anafanya kwa laki moja, na mfuga nyuki mmoja wa Kintinku, wilayani Manyoni, ameshamwita amfanyie la asali. Anataka usikike mlio wa nyuki, kisha sauti yake.

Tatizo limerudi palepale. Kihenge kilikauka, kikajazwa mpaka mdomoni. Magunia yaliyokuwa ukuta yamemwagwa, yamekunjwa. Ukigonga tumbo la kihenge leo linaitika kwa uzito, kama mtu aliyeshiba asiyetaka kusumbuliwa. Emiliana anaota siku moja ajenge chumba chake mwenyewe, hata kiwe cha hatua tatu kwa tatu, ambacho hakitafungwa kwa sababu watu wamevuna. Anadhani kwa mwendo wa sasa itamchukua miaka miwili.

Mama yake hajangoja miaka miwili. Tunapomkuta uani asubuhi hii ameketi chini, miguu ameinyoosha, fito mbichi zimelala kulia kwake. Anasuka. Kusuka kihenge ilikuwa kazi ya marehemu mumewe, naye alikuwa anampokeza fito tu. Anasema mikono yake ilikuwa inatazama bila yeye kujua.

"Shikamoo mama," Emiliana anaamkia akitoka ndani na kamera yake.

"Marahaba mwanangu. Njoo uingie, nipime."

"Hiki ni cha nini? Uwele umeenea kule."

"Hiki hakina uwele. Ni cha tangazo la asali la huyo mtu wa Kintinku." Anakaza fito kwa goti. "Na sitakikandika mpaka uniambie siku."

Emiliana anaweka kamera juu ya kigoda, anavua ndala, anaingia katikati ya fito zilizosimama. Zinamfika kiunoni. Anafumba macho, anasikiliza. Upepo wa Julai unapita kati ya fito kama kawaida yake, unapeperusha ncha ya kanga yake.

"Bado unaingia, mama."

"Najua," anajibu mama Klara, akinyoosha mkono kuchukua ufito mwingine. "Sijafika juu."